Mwaka Niliopima Waya kwa Shina la Mchicha

Habari za msiba wa Fundi Ambakisye zilinikuta dukani kwangu, Kariakoo, nikiwa nampimia mteja waya wa mita kumi. Aliyepiga simu alisema mzee amefariki kwa presha, msiba uko nyumbani kwake Magomeni, na mwili utasafirishwa keshokutwa kwenda Tukuyu. Nilimaliza kupima, nikamfungia mteja waya wake, nikamrudishia chenji, kisha nikakaa kwenye stuli, nikafunika uso kwa viganja. Binti anayenisaidia dukani akadhani nalia, akaniletea maji. Sikuwa nalia. Nilikuwa naogopa, woga uleule wa miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Tangu niache kazi kwa mzee yule tulikutana mara nyingi njiani, tukasalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto, na kila mara nilirudi nyumbani roho juu. Kuna jambo tulilolijua mimi na yeye tu. Na ndani ya jambo hilo kuna sehemu ambayo hata yeye hakuijua, na sasa nilikuwa nimebaki nayo mwenyewe.

Ukoo wangu, shule niliyosoma, na sababu za msichana wa miaka ishirini na mbili kutafuta kazi ya koleo na bisibisi, nitaviruka. Inatosha kusema kwamba naitwa Somoe, kwamba nilikuwa navaa suruali chini ya baibui, na kwamba katika Kariakoo nzima Fundi Ambakisye ndiye aliyenipa kazi bila kunicheka. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, Mtaa wa Sikukuu, katikati ya mshonaji wa sare za shule na stoo ya mabegi. Ukuta wa upande wa mshonaji ulikuwa wa mbao nyembamba, hivyo siku nzima tulisikia cherehani na umbea, na wao walitusikia sisi. Chumba kilinuka risasi ya kulehemu na samadi. Ndiyo, samadi, katikati ya Kariakoo, maana kazi kubwa ya mzee ilikuwa nyua za umeme za mashamba. Wafugaji wa Kigamboni, Kibaha na Mkuranga walileta mashine zao ndani ya viroba vya pumba, na tulipozifungua tulikuta sisimizi wamejenga, mijusi imekauka, mara nyingine chura. Mchana tulikula wali na maharage juu ya meza ileile, tukisogeza koleo pembeni, na mzee alikuwa akisimulia mashamba ya ng'ombe wa maziwa huko nyanda za juu, alikojifunzia kazi, ambako alitembea maili nzima kutafuta jani moja lililoegemea waya.

Siku ya kwanza alinieleza jambo moja, na aliniamuru nilirudie mpaka alipoamini nimeelewa. Umeme wa uzio hautulii. Mashine inaupiga kwenye waya mara moja, kisha inauacha, kama sekunde moja hivi, kisha inapiga tena. Unapiga kwa nguvu kubwa ajabu lakini kwa muda mfupi mno. "Kinachoponya ni ule muda wa kuacha," alisema. "Ng'ombe anapata nafasi ya kujitoa. Mwizi naye anajitoa. Umeme wa nyumbani hauachi, binti. Ukikushika, misuli inakaza, unabaki umeushika wewe mwenyewe." Kisha akanipeleka kwenye paa la jirani, akawasha mashine, akaniambia niguse. Nilikataa. Akasema asiyejua waya unavyouma hatamheshimu yeye wala waya. Niligusa. Sitasahau. Ilikuwa kama mtu amenipiga rungu kwenye kiwiko kutoka ndani ya mfupa, na nilikaa chini nikilia mbele ya mzee wa watu bila haya yoyote. Tangu siku hiyo niliuogopa waya kwa moyo wangu wote, na yeye alifurahi. Alisema fundi akiacha kuogopa, arudishe koleo.

Mjini, nyua zenyewe zilikuwa juu ya kuta za maghala na kwenye mapaa ya majengo ya maduka. Makosa yalikuwa yaleyale ya shambani, sura tu tofauti. Badala ya majani, waya uliguswa na antena, na bango lililoshushwa na upepo, na utando wa masizi ya jenereta. Vishikizo vya plastiki vilipasuka kwa jua, umeme ukavujia ukutani. Kutafuta kosa kulitaka subira: unakata uzio katikati, unapima nusu hii, nusu ile, unachukua nusu iliyo mgonjwa na kuikata tena, mpaka unabaki na hatua mbili za waya na unaliona jambo lenyewe linakutazama. Tulikuwa na kipimo cha taa, kidude chenye vioo vitano vinavyomulika kila mpigo wa mashine unapopita. Lakini mzee hakukiamini peke yake. Kule kwao walipima kwa jani bichi: unalishika kwa mbali, ncha unaigusisha kwenye waya, unasogeza taratibu, na mkono unapata mshtuko mdogo kila mpigo. Kariakoo hakuna majani. Basi kila asubuhi tulipita sokoni kununua fungu la mchicha, tukachagua shina nene lililojaa maji, na majani yaliyobaki tukampa mke wa mshonaji apike. Sharti lake lilikuwa moja: usimwambie mtu yeyote kwamba waya umelala mpaka kipimo kimesema na mchicha umesema.

Katika kazi zetu zote, jengo nililolipenda lilikuwa moja la ghorofa nne kule Mchafukoge. Chini palikuwa na duka la vitenge la Bwana Pravin, juu yake stoo, juu yake alikaa na familia yake, na juu kabisa palikuwa na paa la zege lenye uzio kuzunguka ukingo. Mama yake Bwana Pravin aliitwa Ba na wajukuu zake, na mtaa mzima nao ukamwita hivyo. Nilipompa shikamoo mara ya kwanza alijibu marahaba, akaniuliza jina, na aliposikia Somoe akacheka. "Hilo jina la kwetu," alisema. Alizaliwa Lindi, akakulia Lindi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Kila nilipopanda kukagua uzio alinipa chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati na chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, tukala tumekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, papadi zake za dengu zikikauka kwenye shuka pembeni yetu.

Ba alikuwa na tabia moja iliyonifanya nicheke na kuogopa kwa pamoja. Aliutumia uzio kama kamba ya kuanikia. Mlinzi alizima mashine kwenye boksi lake kila alfajiri alipomaliza zamu, na saa moja asubuhi Ba alipanda na beseni lake, miguu mitupu kwenye zege lililoloa, akatundika sari zake mita sita sita juu ya waya wa mwanawe wa gharama kubwa. Mwanawe alimkataza mara nyingi. Alimjibu kwamba kamba iliyopo jua halifiki, akaendelea. Mimi nilimsihi angalau asubiri kwanza mtu apime. "Taa ya boksi ikizimika, umezimika," alisema. "Hata mtoto anajua." Na kwa kweli kwa siku zote nyingine alikuwa sahihi.

Kisha umeme ukakatika mjini siku nzima, ukarudi kwa kishindo, na mashine ya Mchafukoge ikaungua. Fundi aliileta karakanani, akaifungua mezani. Bodi ya saketi ya ndani ilikuwa nyeusi kama mkate ulioachwa motoni, na kifaa cha kubadilisha hakikuwepo dukani popote. Jioni Bwana Pravin alikuja mwenyewe. Wezi walikuwa wamepanda jengo la jirani yake usiku uliopita. Yeye na Fundi walizungumza kwenye ngazi, mlango umeegeshwa, na nilisikia kila neno huku nikijitia hamnazo na ufagio wangu.

"Fundi, mimi nakuheshimu," Bwana Pravin alisema. "Lakini uzio ukilala leo, kesho natafuta mtu mwingine. Maghala yote, siyo hapa tu."

Mzee akasema, "Hautalala."

Alirudi ndani, hakunitazama. Alichukua kipande cha waya mweupe kutoka rafuni, koleo na tepu ya kufungia waya, akaondoka peke yake. Hakuwahi kwenda kwenye paa bila mimi tangu nianze kazi. Aliporejea giza lilikuwa limeingia na mimi nafunga madirisha. Aliniambia kesho anavuka kwenda Kigamboni kwa pantoni ya kwanza, kuna ng'ombe wametoka shamba. "Wewe upite Mchafukoge mapema. Nyuma ya boksi kuna waya mweupe, ukate, uje nao. Mapema, binti." Nikamwambia sawa. Sikuuliza waya mweupe wa nini. Mashine nilikuwa naiona mezani, imefunguliwa matumbo. Waya usio na mashine ni waya tu, ndivyo nilivyojua mimi.

Mapema yangu ilikuwa saa moja. Nilipita sokoni kuchagua mchicha kama kawaida, nikasimama kwenye foleni ya chapati. Mpaka leo sinunui chapati za asubuhi. Mlinzi alikuwa ameshazima boksi na kuondoka. Nilipanda ngazi, nikamkuta Ba ametangulia, beseni chini, miguu imeloa, na sari ya buluu iliyokamuliwa kidogo tu iko begani kwake. Nilimsalimu. Akaniuliza, kwa mzaha, kama leo nampa ruhusa. Nikatoa kipimo, nikakigusisha kwenye waya. Hakuna kioo kilichomulika. Nikagusa sehemu ya pili. Hakuna. Nikasema, "Anika tu, Ba. Waya umelala."

Maneno hayo matano ndiyo niliyoyabeba miaka yote. Sikuwa nimepima kwa mchicha. Kipimo chetu kilitengenezwa kuona mpigo mkubwa wa mashine. Umeme wa nyumbani, usiopiga wala kuacha, ni mdogo mno kwake, unapita na kidude kinanyamaza kana kwamba hakuna kitu. Nilikuwa nimefundishwa hilo. Nililisahau kwa sababu nilijua mashine iko mezani. Ba akaanza kuikunjua sari, akitafuta pindo. Mimi nikaegemea ukingo wa paa uliokuwa na umande, na mkono, kwa mazoea tu, ukatoa shina la mchicha mfukoni na kuligusisha kwenye waya. Nilitegemea lisiseme kitu. Likatetemeka. Siyo ule mshtuko wa kupiga na kuacha. Lilitetemeka mfululizo, mtetemo mwembamba usiokatika, ukapanda mpaka kwenye kifundo cha mkono wangu. Niligeuka na Ba alikuwa ameshanyanyua mikono yote miwili, sari iliyolowa imechanuka mbele yake, anairusha.

Nilimrukia kiunoni kwa nyuma nikamvuta, tukaanguka pamoja kwenye zege. Nilisikia mkono wake ukivunjika. Sari ilitua juu ya waya bila mtu, pindo likagusa maji ya sakafuni, na ukatoka mlio mdogo wa kuunguruma na mvuke, na harufu ya nguo inayoungua. Ba alikuwa akilia kwa Kigujarati. Nilikimbia mpaka ubao wa umeme wa ngazini nikazima jengo zima, nikarudi, nikauona ule waya mweupe nyuma ya boksi: ulitoka kwenye taa ya ngazi, ukaingia moja kwa moja kwenye uzio. Mlinzi alikuwa amezima boksi tupu. Niliukata, nikauficha chini ya baibui.

Bwana Pravin alipanda akiwa na povu la kunyolea shavuni. Alimkuta mama yake chini na mimi nimesimama. "Umemfanya nini mama yangu?" Swali lilikuwa rahisi na jibu lake lilikuwa chini ya baibui langu. Nikimwonyesha waya, Fundi Ambakisye analala polisi. Lakini nisijitie utakatifu, siyo hilo lililonifunga mdomo. Nilijua swali la pili lingekuwa, na wewe fundi ulikuwa unafanya nini, na Ba angesema, yeye ndiye aliyeniambia nianike. Nikasema, "Niliteleza nikamvamia." Ba alinitazama kutoka pale chini.

Fundi alirudi mchana, buti zimejaa tope. Niliweka waya mweupe juu ya meza, nikamwambia mkono wa yule bibi umevunjika, na kwa nini. Alikaa. Upande wa pili wa ukuta cherehani zilinyamaza, kwa hiyo nikashusha sauti.

"Ziko nyua ngapi nyingine ulizozifunga hivi?"

"Ni ile tu."

"Mzee, ziko ngapi?"

"Ile tu, Somoe. Usiku mmoja tu. Nilikwambia mapema." Uso wake ulikuwa wa mtu mgonjwa. Hakunilaumu zaidi ya hapo, na sikumwambia nilichomwambia Ba.

Wiki iliyofuata nilijipa moyo nikaenda kumwona Ba. Alikuwa kitandani, mkono kwenye plasta, chumba kinanuka udi na bizari, picha za miungu yao zimevishwa maua. Nilileta machungwa. Alimtuma mkwewe akalete chai, na tulipobaki wawili akaingiza mkono mzima chini ya godoro akatoa ile sari ya buluu. Pindo lilikuwa limeungua, rangi ya kahawia, upana wa kiganja.

"Sikuwaambia ulichosema," alisema.

"Kwa nini, Ba?"

"Pravin angeniuliza nilifuata nini kwenye waya wake. Amenikataza mara mia." Alicheka, akasikia maumivu, akaacha. Kisha akanishika kidole. "Unalala usiku, mjukuu wangu?"

Nikamwambia silali. Akasema na yeye halali, akirudisha sari mahali pake, na chai ikaingia tukaongelea machungwa ya Lindi. Aliishi miaka mingi baada ya hapo na akafa kwa uzee, na siku niliyosikia amekufa kitandani, nilimshukuru Mungu mpaka nikaona aibu.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule ilikuwa ya hofu tupu. Sikuliamini neno la mzee. Kulikuwa na mapaa tisa tuliyoyahudumia, na kila alfajiri, kabla watu hawajapanda na mabeseni na watoto hawajaanza kukimbizana huko juu, nilitoka nyumbani kwetu kwenda kuyazungukia, shina la mchicha mkononi. Walinzi walinizoea, wakanitania kwamba nina mchumba kwenye kila jengo. Niligusa kila waya na kusubiri mkono utetemeke. Haukutetemeka hata mara moja. Hilo halikunituliza, nilisema basi itakuwa kesho. Ndotoni niliirusha sari mimi. Mwaka ulipoisha nilimwambia mzee nataka kufungua duka, naye akaniombea heri bila kuniuliza. Tangu hapo nauza waya, siufungi.

Msibani Magomeni walinipa kiti chini ya turubai pamoja na mafundi, wanaume sita wa makamo waliojifunza kwake baada yangu. Tulikuwa na vikombe vya chai na mikate ya kumimina. Mkubwa wao alikuwa Kassimu, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ana kampuni yake ya nyua na gari mbili. Alikuwa akisimulia wengine wakiitikia. Katika miaka yote ya mzee, alisema, hakuna aliyekufa kwenye waya wake. Tena alikuwa mkali ajabu kwa jambo moja: kila aliyejifunza kwake aliapishwa, Mkristo kwa Biblia, Mwislamu kwa Msahafu, kwamba mashine ikifa, hatafunga uzio kwenye umeme wa nyumba hata kwa saa moja, hata mteja alie. "Hakuwahi kutuambia sababu," Kassimu alisema. "Sisi tulikuwa tunacheka. Mama Somoe, wewe ulifanya naye kazi mwanzo kabisa. Mzee alikuwa na nini na hilo jambo?"

Nilitazama mlango wa nyumba ambamo mjane wake alikuwa amekaa na wanawake wengine. Niliona ningeweza kusema sijui na chai ingeendelea. Lakini mzee, kwa namna yake, alikuwa ameungama kwa kila kijana aliyemfundisha, na mimi sikuwahi kuungama kwa mtu yeyote. Nikawasimulia. Sikuanza na waya mweupe. Nilianza na mimi nimesimama kwenye paa, kipimo mkononi, nikimwambia mama wa watu aanike tu, waya umelala, kisha nikarudi nyuma kueleza mengine. Nilieleza kipimo kilivyonyamaza. Nilieleza mkono ulivyolia ulipovunjika. Mmoja wa mafundi alikuwa ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake.

Nilipofika kwenye pindo lililoungua, Kassimu aliweka kikombe chake chini, chai ikamwagika kwenye suruali yake na hakuipangusa. Alinyanyuka bila kuomba radhi, akapita katikati ya viti akatoka nje ya turubai, simu ikiwa sikioni tayari. Alisimama barabarani akiwa ametupa mgongo, lakini ile sauti yake nzuri ilikuwa imepasuka na sote tuliisikia.

"Zima mein swichi. Ya nyumba nzima, sasa hivi. Hapana, usiende ukutani, usiguse uzio. Mama, nisikilize. Watoto wako wapi?"